Mwaka Ambao Wote Walijua Kila Kitu

Kabula alinipigia asubuhi, nikiwa jikoni kwangu hapa Shinyanga mjini nachuja chai, akaniambia Mzee Nkwabi amefariki na mazishi yatakuwa Kagongwa kesho yake. Hakulia. Alisema tu, "Rehema, lazima twende wote," nami nikajibu kwamba nitapanda basi la kwanza. Baada ya kukata simu nilibaki nimeshika chujio mpaka chai ikapoa kwenye sufuria. Watu wengi niliofanya nao kazi wameshatangulia, na wengi wao nimewazika nikarudi kazini siku ya pili. Huyu ni tofauti. Nilikaa naye chini ya mwaka mmoja, na sehemu kubwa ya muda huo nilikuwa namwogopa. Lakini kila nikikaa mbele ya kompyuta kuandaa maswali ya kuwauliza wafanyakazi wanahitaji kufundishwa nini, kazi ambayo imenilisha mpaka leo, namuona yeye amesimama mlangoni mwa kontena lililokuwa ofisi yetu, kofia ngumu mkononi, matope mpaka magotini.

Mwaka ule nilikuwa Geita, msichana mwenye cheti kipya na viatu vya usalama vilivyonibana, afisa mafunzo wa kampuni ya ukandarasi iliyokuwa ikibeba mawe kwenye mgodi. Nilipanga chumba na Kabula, dereva wa dampa, yale magari makubwa ambayo tairi lake linampita mtu mzima kwa urefu. Madereva wanawake walikuwa wachache, na kwenye shifti yake alikuwa peke yake. Chumba chetu kilikuwa na dirisha moja lililotazama ukuta wa jirani, dari ya turubai, na vumbi jekundu ambalo tulilifagia asubuhi tukalikuta jioni mahali palepale. Tulipika kwenye jiko la mkaa kibarazani, mara nyingi dagaa wa Chato na ugali, na siku ambazo mama yake alimtumia mzigo, michembe, vile viazi vitamu vya kukaushwa, iliyochemshwa na karanga. Ukuta ulikuwa mwembamba kiasi kwamba tulijua jirani amegombana na nani na kwa sababu gani. Tulizoea kuongea chini chini, na mwaka ule tuliongea chini chini zaidi.

Dodoso lilikuja kutoka makao makuu. Zamani mafunzo yalitolewa kwa mazoea: kila mtu alikalishwa darasani, akapewa soda na keki, akasaini, akarudi kazini. Sasa wakubwa walitaka kila mfanyakazi ajibu maswali kwenye simu yake, aseme mwenyewe anajua nini na hajui nini, halafu mfumo umpangie mafunzo yake. Chini ya kila kazi kulikuwa na alama, kuanzia moja, "sijui kabisa," hadi tano, "ninaweza kumfundisha mwingine." Ukijibu chini ya tatu, ujumbe unaingia kwenye simu yako wenyewe: umepangiwa mafunzo fulani, siku fulani. Niliyatafsiri maswali yale kwa Kiswahili, nikiwa na furaha ya mtu aliyepewa kazi ya kwanza ya maana. Niliamini kabisa. Hata leo naamini kwamba kumuuliza mtu ni bora kuliko kumkisia. Meneja wa mradi, Bwana Festo, aliniita akaniagiza nitangaze kwenye mkutano wa asubuhi kabla ya shifti kwamba majibu hayatamfukuzisha mtu kazi. "Sema hivyo hivyo," aliniambia. Nikasimama mbele ya watu waliovaa njano na bluu, nikasema hivyo hivyo. Mzee Nkwabi, msimamizi wa shifti, alikuwa amesimama nyuma kabisa. Aliniangalia tu kama mtu anayeangalia mtoto wa mwenzake akicheza karibu na moto.

Jioni ile Kabula alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, simu mkononi, sahani ya michembe magotini. Aliniuliza, "Hili la kurudi nyuma kwenye ukingo wa kumwagia mawe wakati wa mvua, niweke ngapi?"

"Weka ilivyo."

"Ilivyo ni mbili. Nikiona udongo umelowa mikono inatetemeka. Hakuna aliyewahi kunionyesha umbali wa kusimama. Nafuata alama za aliyenitangulia."

"Basi weka mbili. Ndiyo maana wanauliza."

Alitafuna, akameza. "Mzee Nkwabi alizitaka simu zetu leo. Amesema atatusaidia kujaza, maana wengine hawana bando. Mimi nimemwambia nitajaza mwenyewe." Kisha akabonyeza mbili, akaniletea simu nione.

Majibu yalipokusanyika, shifti ya Mzee Nkwabi ilikuwa imeng'aa. Kijani juu mpaka chini, tano kila mahali, isipokuwa mstari mmoja wenye wekundu, na mstari huo ulikuwa wa Kabula. Mfumo haukujua aibu. Ulimtumia ujumbe yeye peke yake kwamba amepangiwa mafunzo na ataondolewa kwenye dampa mpaka amalize. Mchana, kwenye kantini, nilikuwa kwenye foleni ya wali nikasikia dereva mmoja akimwita "mwanafunzi," na meza nzima ikacheka. Mwingine akamuuliza kama amenunua daftari. Masele, kijana mpole wa Bukombe aliyekuwa na kawaida ya kumsalimia kila mtu hata mara mbili kwa siku, hakucheka. Aliinamisha kichwa kwenye sahani yake ya maharage. Kabula alikula mpaka akamaliza, akaosha mikono, akatoka. Usiku aligeukia ukutani, akalala.

Siku chache baadaye nilijua kwamba kucheka kulikuwa jambo dogo. Ofisi zetu zilikuwa makontena yaliyounganishwa, na kati yangu na Bwana Festo kulikuwa na ubao tu. Nilimsikia akiongea kwenye simu, sauti ile ya mtu anayetaka kumpendeza mkubwa wake. Alisema ndiyo, anajua magari yatapunguzwa mkataba ukianza upya, na hakutakuwa na shida kuchagua madereva wa kuondoka. "Tuna dodoso," alisema. "Wenye alama za chini wanajulikana kwa majina." Vidole vyangu vilikuwa juu ya kibodi, vikabaki hapo hapo. Haikupita muda akagonga ubao, akaniita, akaomba nimtolee majina. Nilimwambia bado kuna watu hawajajibu. Akasema atasubiri mpaka mwisho wa mwezi, na kwamba nisimcheleweshe tena. Nikamkumbusha alichoniagiza kutangaza. Alitabasamu. "Rehema, ile ilikuwa ya kuwatia moyo wajibu."

Nimewahi kuulizwa na vijana ninaowafundisha kazi hii kwa nini huwa sifurahi nikiona majibu yote ya kijani. Siwaambii habari hii yote, ni ndefu. Nawaambia tu nendeni mkawatazame watu wakifanya kazi. Mimi wakati ule sikuwa na mtu wa kuniambia, lakini kulikuwa na kitu kilinikera kwenye ile kijani. Madereva wale nilikuwa nawajua. Kulikuwa na wawili walioajiriwa juzi tu, na wenyewe walidai wanaweza kufundisha wengine kila kitu mpaka kuzima moto wa injini. Kwa hiyo nikaenda kumtafuta Mzee Nkwabi. Nilimkuta chini ya kivuli cha karakana, anakula mhogo wa kuchoma.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mayu," alijibu, akiniita mama kwa Kisukuma. "Kaa."

Nilikaa kwenye tairi. Nikamuuliza moja kwa moja kama watu wake walijibu wenyewe. Hakushtuka. Alimaliza alichokuwa anatafuna.

"Nilijaza mimi," alisema. "Simu zote, isipokuwa ya yule binti mbishi."

"Kwa nini, mzee?"

"Kwa sababu nilishaona. Nilikokuwa kabla ya hapa walituuliza hivi hivi, kwa karatasi. Wakasema semeni msichokijua, tuwafundishe. Watu wakasema. Hakuna aliyefundishwa. Kazi zilipopungua, waliosema ndio walioondoka. Mmoja alikuwa mdogo wangu." Akafuta mikono kwenye suruali. "Wewe umetumwa. Sikulaumu. Lakini watu wangu hawataandikwa kwenye orodha ya mtu."

Nilitaka kumbishia, na siku moja kabla ningembishia. Lakini nilikuwa nimesikia kilichosemwa nyuma ya ubao. Nilimuuliza tu, "Na wasiojua kweli, mzee, watafundishwa na nani?"

"Na mimi. Taratibu. Kazini."

Nilirudi ofisini nimebeba mambo mawili ambayo sikuweza kumwambia mtu: meneja anataka majina, na karibu majibu yote ya shifti ile ni ya uongo. Nilianza kuandika taarifa kwa makao makuu kuomba dodoso lisimamishwe. Nyumbani, Kabula alikuwa ameshasikia habari za kupunguzwa magari kutoka kwa fundi mmoja. Aliweka sufuria chini kwa nguvu. "Uliniambia niweke ilivyo," alisema. Nikamwambia sijatoa jina lake na sitalitoa. "Sasa hivi," alijibu. "Mwisho wa mwezi je?" Tuliendelea kula. Ugali ulikuwa mzuri na samaki alikuwa wa siku ileile kutoka ziwani, lakini nakumbuka nilimeza kama namezeshwa dawa. Kabla hajasimama aliniambia kwamba hajutii ile mbili, anajutia tu kuwa peke yake. Taarifa yangu niliituma asubuhi yake. Makao makuu hawakujibu.

Mvua ilianza mchana wa siku hiyo hiyo. Ilikuwa mvua ya kwanza kubwa ya masika, ile inayopiga mabati ya makontena mpaka mnaongea kwa ishara. Redio ya ofisini ilikuwa karibu na meza yangu, na kwa kawaida sikuisikiliza. Ilikuwa kelele za kazi tu. Nilisikia jina la Masele likitajwa mara mbili kwa haraka, nikainua kichwa. Kisha sauti yake mwenyewe, nyembamba, ikasema gari limeinama nyuma. Halikai vizuri. Nyuma hakuna kitu.

"Masele, umepita tuta la ukingoni?" Hiyo ilikuwa sauti ya Mzee Nkwabi.

"Sijui, mzee. Naona mbingu tu. Niruke?"

"Usiruke. Mkanda umefunga?"

"Umefungwa."

"Mikono kwenye usukani. Usiguse gia. Usiguse kitu. Nakuja."

Bwana Festo alikuwa ameshatoka ofisini kwake, amesimama nyuma yangu. Sote tuliangalia kile kisanduku kana kwamba tungeweza kumwona mtu ndani. Kabula alikuwa kwenye gari jepesi la kubeba maji, kazi aliyopewa wakati anasubiri mafunzo yake, na ndiye aliyekuwa karibu. Aliingia redioni akasema magurudumu ya nyuma yameshuka ukingoni na udongo unamomonyoka. Aliyasema hayo polepole, kama anasoma. Tukamsikia Mzee Nkwabi akimwambia Masele aseme jina la mama yake, na Masele akalisema. Akamwambia aseme la bibi yake. Masele alianza kulisema, halafu redio ikapiga mlio mmoja mkali na kukawa kimya. Kabula alisema, "Limeondoka." Mvua ilikuwa inapiga mabati, na nikajikuta nimesimama, sijui nilisimama saa ngapi.

Masele hakufa. Gari lilishuka kwenye mteremko wa mawe, likalala ubavu, na mkanda ulimshikilia kwenye kiti. Mguu ulivunjika sehemu mbili. Mzee Nkwabi alishuka kwenye mawe yaliyokuwa bado yanatembea, hakusubiri waokoaji, akakaa naye mpaka walipofika na vifaa vya kukata chuma. Kabula aliniambia baadaye kwamba mzee alikuwa anamshika Masele mkono kupitia kioo kilichovunjika, na anamtukana mfululizo kwa Kisukuma, na machozi yanamtoka.

Kikao cha uchunguzi kilifanyika kwenye chumba cha mikutano, chenye kiyoyozi kilichopuliza upande mmoja tu, ambapo tulikaa tukitetemeka huku wa upande wa pili wakitokwa jasho. Tulikuwepo Bwana Festo, afisa usalama, mama mmoja kutoka makao makuu aliyekuja na daftari jembamba, Mzee Nkwabi, na mimi. Masele alikuwa hospitalini. Bwana Festo alisambaza karatasi moja kwa kila mtu. Ilikuwa ni majibu ya Masele. Kurudi nyuma kwenye ukingo wakati wa mvua: tano.

"Mwenyewe amesema anaweza kumfundisha mwingine," alisema. "Kampuni ilimuuliza kama anahitaji mafunzo, akasema hahitaji. Huu ni uzembe wa dereva." Hapo ndipo nilipoelewa hadi mwisho kile tulichokuwa tumekitengeneza. Dodoso la kumsaidia mtu lilikuwa linakwenda kumfukuza akiwa kitandani, na matibabu yawe juu yake.

Mama wa makao makuu alinigeukia. "Binti, wewe ndiye unayesimamia mfumo. Unathibitisha kwamba haya ni majibu yake?"

Nilisikia kiyoyozi. Nilisikia mtu akipita nje na buti. "Nathibitisha yametoka kwenye namba yake," nilisema. "Siwezi kuthibitisha kwamba amejibu yeye."

"Maana yake nini?" aliuliza Bwana Festo.

Sikumtazama Mzee Nkwabi. Nilijua nikimtazama nitakuwa nimemtaja. Nilitazama karatasi, na nilikuwa nimeshaamua kwamba kama kimya kile kitaendelea, nitasema. Kiti kilisogea upande wa pili wa meza. Mzee alikuwa amesimama, kofia yake ameiweka mezani.

"Nilijaza mimi," alisema. "Ya kwake na ya wenzake wote."

"Mzee Nkwabi, unajua unachosema?"

"Najua. Kijana hajawahi kufundishwa kile kitu. Nilisema nitamfundisha, mvua ikaniwahi. Mniandike mimi."

Yule mama alimuuliza kwa nini. Mzee akamweleza, kwa maneno machache yale yale aliyoniambia karakanani, na habari za mdogo wake. Kisha mama akanigeukia tena, akaniuliza kama kuna mtu aliyekuwa anataka kutumia majibu kuchagua wa kupunguzwa. Nikasema ndiyo, na nikasema nani, na nikasema taarifa yangu ipo kwao haijajibiwa. Bwana Festo alikunja karatasi yake mara nyingi mpaka ikawa kipande kidogo. Hakunisemesha tena mpaka alipohamishwa.

Mzee Nkwabi aliondolewa kazini wiki ile. Alipita kwenye kontena kurudisha redio, akanipa mkono, akanishukuru kwa Kisukuma, "Wabeja, mayu," akaenda. Masele alitibiwa kwa gharama za kampuni na nafasi yake ikalindwa. Majibu yote ya shifti ile yalifutwa, na ikaandikwa kwamba majibu ya dodoso hayatatumika kumwondoa mtu. Magari yalipunguzwa hata hivyo, na kuna walioondoka, ila walichaguliwa kwa utaratibu ambao kampuni ilikubaliana na chama cha wafanyakazi. Kabula alikwenda mafunzoni, akarudi, na tulipouliza upya, yeye ndiye aliyesimama kwenye mkutano wa asubuhi. Alisema, "Mimi niliweka mbili. Bado nipo." Majibu yaliyofuata yalijaa wekundu, na wakubwa walishtuka. Mimi nilikwenda chooni nikajifungia kidogo, nikapumua.

Kuelekea mwisho wa mwaka nilipita Kagongwa nikitokea Kahama kikazi, nikaomba dereva asimame. Nilimkuta Mzee Nkwabi sokoni, amesimama kando ya magunia ya mpunga wake, amepungua mwili. Alinunua soda mbili, tukakaa kwenye benchi la muuzaji. Aliniuliza habari za kila mtu kwa jina. Akaniuliza Masele anatembeaje.

"Anachechemea kidogo. Ameanza kuendesha tena."

"Vizuri." Alizungusha chupa mkononi. "Bado mnauliza watu kwa simu?"

"Bado, mzee. Sasa wanajibu kweli."

"Wasimamizi mnawauliza?"

Hatukuwa tunawauliza. Dodoso lilianzia kwa madereva na kushuka chini.

"Hamkuniuliza," alisema. "Asubuhi ile kabla ya mvua, Masele alinifuata. Akaniambia mzee, ukingo ukilowa nisimame wapi? Nikamwambia mbele ya wenzake kwamba mtu mzima haulizi maswali ya kitoto. Akacheka kidogo, akapanda gari." Alitazama barabara, malori ya Isaka yakipita. "Kuendesha nilijua. Kumfundisha mtu bila kumtukana sikujua. Mngeniuliza hilo, na kama ningekuwa mkweli, ningeweka moja."

Niliporudi Geita nilimkuta Masele karakanani, nikamweleza nilikutana na nani na amesema nini, neno kwa neno. Alisikiliza akiwa ameegemea tairi, mguu mbaya ameunyoosha. Kisha akaniomba namba ya mzee. Nilimpa, nikasogea pembeni ili nisisikilize, lakini palikuwa kimya na nilimsikia akisalimia. Alisema shikamoo baba, akangoja, akacheka kidogo. Halafu akauliza, "Sasa niambie. Ukingo ukilowa, nasimama wapi?" Akavuta ndoo, akaketi, na alikaa pale na simu sikioni mpaka filimbi ya shifti ilipolia.